Grisi ya Watu Wawili

Nimehama mno. Likasi, Kolwezi, Kitwe, Kigoma, kisha tena Kolwezi. Kila mahali nilikaa miaka miwili au mitatu, watu wakaanza kunizoea, nikafunga sanduku. Karakana nilizozifanyia kazi huko nimezisahau karibu zote. Ile ya kwanza, ya Lubumbashi, ndiyo imekataa kusahaulika. Hata leo, nikiwa nimevuka miaka arobaini, naweza kuitembea kichwani toka mlango mpaka mwisho: kwanza tanuri la wahunzi, halafu msumeno mkubwa uliolia kutwa, halafu mashine tano za kukereza chuma, na mwisho kabisa, karibu na dirisha la upande wa reli, mashine kubwa ya kutoboa na kupanua matundu, ambayo sote tuliiita aleseze, kama Wazungu walivyoiita.

Aleseze ilikuwa ya mzee mmoja mtu wa jimbo la Kasai. Nasema ilikuwa yake kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema vinginevyo. Ilipofika kwa treni ikiwa ndani ya masanduku ya mbao, miaka miwili kabla ya uhuru, yeye ndiye aliyeng'oa misumari, akaifuta mafuta mazito ya safari kwa matambara, kiungo kwa kiungo, akaijua kabla ya Mzungu aliyekuja kuifunga kumaliza kusoma kitabu chake. Sote tulimwita Tata, yaani baba. Mimi nilikuwa na mashine yangu ndogo kando ya ile yake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeoa karibuni, nimesoma sekondari miaka mitatu kwa mabruda wa misheni, na nilidhani najua chuma. Tata hakunicheka kwa hilo. Alinifundisha taratibu, bila kuniambia kwamba ananifundisha.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni rulma, yaani beringi ya kwenye ncha ya skrubu. Chini ya meza ya aleseze ilipita skrubu ndefu, nene kama mkono wa mtu. Ilipozunguka, meza ilikwenda. Ndani ya nati yake mlikuwa na gololi za chuma zilizobingirika zikifuatana, ndiyo maana meza ile nzito ilisogea kwa ulaini wa kushangaza. Lakini skrubu inayosukuma nayo husukumwa. Kwa hiyo kule mwisho wake, nyuma ya kifuniko cha mviringo, mlikuwa na rulma yenye safu mbili za gololi, ambayo kazi yake ilikuwa kuupokea msukumo wote, meza ikienda kulia au ikirudi kushoto, na skrubu isisogee hata unywele. Vipimo vyote vya mashine vilitoka hapo. Ukihesabu mizunguko ya skrubu, unajua meza imekwenda umbali gani. Rulma ikiugua, mashine yote inasema uongo.

Rulma ile ilipewa grisi siku mbili katika wiki, Jumatatu na Alhamisi, kazi moja na kazi nne kama tunavyoziita kwetu. Asubuhi, kabla ya kuwasha, unakamua pompi ya grisi mara mbili, basi. Niliwahi kumwuliza Tata kwa nini tusiijaze kabisa ili tupumzike mwezi mzima. Alinitazama kwa huruma.

"Gololi inataka fasi ya kupita," akasema. "Weye ukijazwa bukari mpaka mu shingo, utakimbia?" Bukari ndiyo ugali wetu.

Halafu jimbo letu la Katanga likajitenga na Kongo. Sitaeleza siasa zake, wapo walioziandika. Sisi wa karakana tuliiona kwa njia zetu: barua za mizigo zilizorudi bila mizigo, vipuri tulivyoambiwa viko njiani na havikufika, ndege zilizokwenda na kurudi uwanja wa Luano saa ambazo zamani hazikuwa za ndege. Wazungu wawili wa karakana waliondoka na familia zao. Akabaki mkuu wetu mmoja, Mbelgiji aliyeishi mtaa wa Makomeno, mtu mkavu, mwenye haki alipokuwa na muda wa kuwa na haki. Na watu wa Kasai wakaanza kuulizwa kila kona wanatafuta nini katika mji ambao wengine wao walizaliwa humo.

Tata aliishi mtaa wa Katuba na mke wake. Watoto wao walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Zamani alikuja kazini kwa baiskeli, nusu saa tu. Mwaka uliofuata, kwenye mwezi wa tano, kizuizi kikawekwa katika barabara ya kutoka Katuba. Askari na vijana walisoma vitambulisho, na aliyetoka Kasai aliwekwa pembeni, asubiri. Wiki ya kwanza walimnyang'anya baiskeli. Tangu hapo alikuja kwa miguu, akizunguka mbali kupitia vichochoro na nyuma ya mashamba ya mihogo, katika baridi ile ya kipupwe inayokausha midomo, na alifika kazini saa moja na nusu, pengine karibu saa mbili. Kazi ilianza saa moja. Gizani hakuthubutu kutoka, maana mtu wa Kasai akikutwa vichochoroni usiku alipigwa.

Karakana ilikuwa na sheria moja isiyosamehe. Mlangoni palikuwa na ubao wenye misumari, na kila mtu alikuwa na kisahani chake cha shaba chenye namba. Ukifika unakitundika. Saa moja na dakika tano mkuu hupita, na ambaye kisahani chake hakipo, asubuhi yake imepotea. Mara tatu, kazi imepotea. Nikaanza kukitundika kisahani cha Tata pamoja na changu. Hakuniomba. Siku ya kwanza alipofika akakikuta kimetundikwa, alisimama mbele ya ubao kidogo, akaenda kuvaa surupwenye yake. Hakusema neno, nami sikusema. Kwetu mzee haambiwi usoni, nimekuficha aibu yako. Unaificha, na yeye anajua, na heshima inabaki pale ilipokuwa.

Kisahani peke yake hakikutosha. Mkuu akipita, aleseze inapaswa kuwa inaunguruma. Kwa hiyo nilikuwa naifuta, naitia mafuta pale meza inapoteleza, na siku za Jumatatu na Alhamisi naikamulia rulma ile grisi ya njano ya stoo, mara mbili, kama nilivyofundishwa, kisha naiwasha na kuiacha meza iende na kurudi polepole kana kwamba mwenyewe yuko nyuma yake. Tata alipofika, aliikuta imepata moto. Nilijisikia vizuri sana. Nilidhani nimeondoa jambo moja katika mabega yake.

Kazi kubwa ya miezi ile ilikuwa masanduku ya gia za pampu za migodini. Kila sanduku lilitobolewa matundu mawili makubwa ambamo mihimili ya gia ingekaa, na umbali kati ya matundu hayo ulikuwa ndiyo roho ya kazi. Ukizidi, gia hazishikani sawasawa, zinalia na kujila. Kwa miaka yote Tata hakuwahi kuharibu hata moja. Kwenye mwezi wa saba akaharibu la kwanza. Siku mbili baadaye la pili. Kosa lilikuwa lilelile: matundu yalipishana umbali kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi, lakini chuma hakijui huruma ya karatasi.

Kulikuwa na jambo la ajabu ndani yake. Masanduku ya asubuhi yalitoka sawa. Yaliyoharibika yote yalikuwa ya baada ya saa nane. Mkuu naye alikuwa amezoea kwenda kula kwake Makomeno mchana na kurudi saa tisa. Mtu yeyote mwenye kutaka kuunganisha mambo hayo mawili angeweza, na wapo waliotaka. Mkerezaji mmoja, mcheshi ambaye ucheshi wake ulikuwa umeanza kuwa na meno, alisema kwa sauti wakati tunanawa mikono:

"Ile mashini inajua politike. Asubuhi iko na shiye, nyuma ya midi inarudia kwabo Kasai."

Watu walicheka, eti asubuhi mashine ni yetu, mchana ni ya Kasai. Tata pia alitabasamu, akaendelea kusugua sabuni kwenye vidole, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sanduku la nne lilipoharibika, siku ya Alhamisi, mkuu alimwita mbele yetu. Alizungumza Kifaransa, bila kupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema hataki kuamini maneno anayoletewa. Alisema pia kwamba Jumatatu jioni atapima mwenyewe sanduku la mchana, na likiwa na kosa, mashine itapewa mtu mwingine na Tata ataondoka. Wote tulijua maana yake. Kitambulisho cha kazi ndicho kitu pekee kilichomfanya askari wa kizuizi, baada ya kumchelewesha na kumtukana, amwachie apite. Mtu wa Kasai mwenye umri wake, bila kazi, katika mwaka ule, alikuwa hana sababu ya kuwa mjini machoni mwa mtu yeyote. Na baada ya hapo yako mambo ambayo tulikuwa tumeanza kuyasikia kutoka mitaa mingine.

Alasiri ileile, nikitoka kuchukua kisu cha chuma stoo, niliona kitu ambacho Tata hakutaka kionekane. Alikuwa amechuchumaa mwisho wa aleseze, mgongo wake kwetu. Alikuwa ameloweka kitambaa katika ndoo, akakikamua, akakiweka juu ya kifuniko cha rulma, akakilaza vizuri kwa viganja viwili. Nilikuwa nimeona mama zetu wakiwafanyia hivyo watoto wenye homa. Baada ya muda alikigeuza upande wa pili. Nilirudi nyuma bila kukohoa.

Kesho yake, alipokwenda kunywa maji, niliweka mkono wangu juu ya kifuniko. Niliuondoa haraka. Kilikuwa cha moto kama sufuria iliyotoka jikoni dakika chache zilizopita. Nikaelewa nusu ya mambo papo hapo, maana mabruda walitufundisha kwamba chuma kikipata moto hurefuka. Skrubu ilianza siku ikiwa baridi na kweli. Kufikia saa nane moto wa rulma ulikuwa umetambaa ndani yake, imerefuka, na kila mzunguko uliibeba meza mbele kidogo kuliko ulivyosema. Tata alihesabu sawa. Skrubu ndiyo iliyokuwa imebadilika mikononi mwake.

Nusu ya pili niliielewa nilipotazama chini. Grisi ilikuwa imesukumwa nje ya kifuniko, imejikunja kama kamba nene. Niliifuta kwa kidole. Ilikuwa na rangi mbili, zimesokotwa pamoja: njano ya stoo, ambayo mimi niliitumia, na ile nyekundu-nyeusi, nzito, ya zamani, iliyokuja na mashine yenyewe na ambayo kopo lake la mwisho Tata alilifungia kabatini kwake kama dawa. Nilisimama pale na grisi kwenye kidole, masikio yangu yakawaka. Wiki zote zile, mimi nilipokuwa nimetoka saa nne kwenda kula mkate, yeye aliisimamisha mashine na kuipa rulma grisi yake. Mara mbili, Jumatatu na Alhamisi. Alinyamaza ili nisione kwamba kazi ya asubuhi anaifanya saa nne. Mimi nilinyamaza ili asione kwamba nimeifanya. Tuliijaza mpaka shingoni, tena kwa grisi mbili zisizopatana, na gololi hazikuwa na mahali pa kupita isipokuwa kujisukuma ndani ya uji ule kutwa nzima.

Nilikuwa naweza kuisafisha kimyakimya. Nilifikiri hivyo, naungama. Lakini kufungua rulma ile ni kazi ya asubuhi nzima, mashine imesimama, mbele ya watu wote. Haikuwa kitu cha kufanya kwa siri. Na nikisema ukweli, swali la kwanza la mkuu lingekuwa kwa nini mashine moja ilishwe na watu wawili. Jibu la swali hilo lilikuwa limetundikwa mlangoni kwenye msumari.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Katuba. Nyumba ya Tata ilikuwa safi kama kawaida, ila pembeni mwa sebule palikuwa na magunia matatu yaliyofungwa kamba, na ukutani palibaki alama nyeupe za picha zilizokwisha kushushwa. Mke wake aliniletea munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, katika kikombe cha bati, akauliza habari za mke wangu, akaketi papo hapo badala ya kurudi jikoni. Nadhani aliona usoni kwangu. Nilizunguka sana. Nilisifu munkoyo. Mwishoni nikasema:

"Tata, kuna kintu minaficha."

"Kama ni kisahani, minajua."

"Haiko kisahani. Ni grisi."

Akaweka kikombe chini. "Grisi gani?"

"Ya rulma. Kila kazi moja na kazi nne, mbele weye ufike, mi ninaweka. Mara mbili. Tangu mwezi wa tano."

Niliona midomo yake inahesabu. Mke wake alitutazama, mmoja halafu mwingine, na kabla mzee hajasema neno alianza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega.

"Kumbe ile mashini iko na bwana babili," akasema, "na kila mumoja anailetea chakula kwa kificho. Itaacha kunona namna gani?"

Nami nikacheka, kwa woga zaidi kuliko furaha. Tata hakucheka. Alinitazama, na nikaona kwamba nimemchoma mahali.

"Ulifikiri mi nitasahau rulma?"

"Hapana, Tata. Nilifikiri utafika umechoka."

Nje mtu alipita akiimba wimbo wa kanisa kwa Kiluba cha Kasai, na sauti yake ilipofika mbele ya nyumba ikashuka, kama watu wote wa mtaa ule walivyokuwa wameanza kushusha sauti.

"Mi nilifikiri inakufa," alisema mwishowe. "Ingine haiko, njia zote zimefungwa. Kama muzungu anajua rulma inakufa, atasimamisha mashini, na mi nitafanya nini pale? Niliificha sawa na mugonjwa. Kila midi ninaiwekea maji. Ninaisemesha hata." Akapitisha mkono usoni. "Na haikuwa mugonjwa. Ilikuwa imeshiba."

Hapo ndipo alipocheka, na mkewe akaanza upya, tukawa watu watatu tunaocheka kando ya magunia yaliyofungwa.

Tulipotulia nikamweleza nilichokiogopa, kwamba tukisema habari ya grisi mkuu atafika mpaka kwenye kisahani. Alisema ndiyo, atafika. Nilisema tunaweza kutafuta uongo mwingine, stoo walikosea grisi, kwa mfano. Akanijibu kwamba skrubu imesema uongo wiki nne na amechoka kuufuata. Mke wake alinyanyuka, akanijazia kikombe tena.

Jumatatu nilikitundika kisahani changu peke yake. Msumari wa Tata ulikaa mtupu, na mkuu alipopita aliuona. Tata aliingia saa mbili kasoro, vumbi mpaka magotini, akaenda moja kwa moja kwenye kioo cha ofisi, akagonga. Mimi nikamfuata. Alieleza kwa Kifaransa chake kizuri cha misheni, amesimama wima: kwamba anachelewa tangu mwezi wa tano kwa sababu ya kizuizi, kwamba rulma imejazwa mara mbili, na kwamba kosa ni lake kwa sababu mashine ni yake. Nikasema kisahani nilikitundika mimi, na grisi ya njano ni mimi. Mkuu alituangalia kama mtu aliyepewa hesabu ambayo hakuitarajia. Kisha akasema, fungueni nione.

Tukafungua. Wote walikuja kutazama, hata yule mcheshi. Kifuniko kilipotoka, grisi ilimwagika kama ugali uliopikwa vibaya, njano na nyeusi. Tata aliitoa rulma kwa mikono miwili, akaiosha katika beseni la petroli mara tatu, akazipitisha gololi moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada akizigeuza kuelekea dirishani. Hapakuwa na doa. Zilikuwa zinang'aa kama siku zilipotoka kwenye sanduku la mbao. Akazirudisha, akachukua grisi yake ya kopo kwenye ncha ya kidole, akaipaka kati ya gololi, kiasi cha nusu ya nafasi tu, akafunga.

Ilipofika saa sita kazi ilikuwa imekwisha. Siku hiyo mkuu hakwenda Makomeno kula. Aliagiza mkate, akaula amesimama. Ili skrubu ipate moto wake wa kawaida, aliamuru meza iende na kurudi kwa kasi mpaka saa nane, ndipo Tata akafunga sanduku juu yake na kutoboa. Sote tulijifanya tunafanya kazi. Mkuu alipima mara tatu, akafuta kipimo, akapima ya nne. Halafu akaweka kiganja juu ya kifuniko cha rulma, akakiacha hapo.

"Ni sawa," alisema kwa Kiswahili.

Lakini alikuwa na jambo lingine. Alisema mashine inabaki kwa Tata. Kuhusu saa, hawezi kuwa na sheria ya watu wote na sheria ya mtu mmoja, hasa sasa, hasa kwa mtu wa Kasai, maana wapo watakaopeleka habari hiyo mjini. Atakapochelewa tena, itakuwa mwisho. Na mimi nikigusa kisahani kisicho changu, nitatangulia kutoka. Tata akainamisha kichwa, akashukuru. Tulirudi kwenye mashine zetu. Nilijua, naye alijua, kwamba vichochoro na mashamba ya mihogo havifupishwi na shukrani.

Mimi niliishi upande wa pili wa kizuizi. Kitambulisho changu kilisema nimezaliwa mjini, baba mtu wa reli kutoka kaskazini, na vijana wa pale walinijua kwa sura kwa sababu nilicheza mpira na kaka zao. Kesho yake saa kumi na moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa Tata. Mke wake ndiye aliyefungua, na shali kichwani. Tulitoka tukashika barabara kubwa, ile ya moja kwa moja. Nilihisi Tata anapunguza mwendo kila tulipokaribia, nami nikapunguza pia, tukafika tumeshikana mikono kama watu wa nyumba moja wanaokwenda hospitali.

Askari alichukua vitambulisho vyote viwili. Alisoma cha Tata, akasoma changu, akavilinganisha.

"Huyu iko nani yako?"

"Iko tata yangu," nikasema.

"Tata yako anatoka Kasai na weye unatoka reli?"

"Njo vile."

Mmoja wa vijana alicheka, akasema mama yangu alipanda treni nyingi. Wengine wakacheka. Nikawaacha wacheke. Askari alinitazama kwa muda, nadhani akinipa nafasi ya kubadilisha jibu. Sikubadilisha. Akavirudisha. Tulipokuwa tumefika mbali, Tata aliniachia mkono, akasafisha koo, akasema kwamba kama ni hivyo basi inabidi nianze kunyoa ndevu vizuri, maana katika ukoo wao hawatembei hovyo.

Kisahani chake kilikuwa kimetundikwa saa moja kasoro dakika kumi, kwa mkono wake.

Tulikwenda hivyo kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Siku nyingine walitukalisha chini, siku nyingine walitupitisha bila hata kutazama. Hakuharibu sanduku hata moja. Kisha mwishoni mwa mwezi wa nane mitaa ya Katuba ikachafuka kabisa, nyumba za watu wa Kasai zikaanza kuvunjwa, na wakakimbilia nje ya mji, maelfu juu ya maelfu, kwenye uwanda ambako walilindwa na askari wa kigeni. Tata na mke wake walikwenda na yale magunia. Jumatatu hiyo nilisimama mlangoni kwao, mlango haupo.

Mkuu alinipa aleseze. Nilimwambia nitaishika mpaka mwenyewe arudi, hakubisha. Jumapili iliyofuata nilichukua mfuko wa unga na chumvi, nikaenda uwandani kuwatafuta. Iliniliza njia nzima kuona watu niliowajua, walimu, makarani, wamejenga kwa mabati na matawi. Niliwakuta kuelekea jioni. Mke wake alipokea unga kwa mikono miwili, akaniulizia mke wangu kama siku zote. Tata alikuwa amekaa juu ya gunia, amekonda, kola ya shati imefungwa mpaka juu. Hakuniuliza habari za mji, wala za nyumba yake. Aliniashiria nikae karibu.

"Rulma?" akasema.

"Iko baridi, Tata. Jana saa tisa niliigusa mbele ya kutoka."

"Unaweka mara ngapi?"

"Mara mbili. Kazi moja na kazi nne. Grisi ya kopo yako."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaniuliza kopo limebaki kiasi gani, nikamwonyesha kwa vidole. Alivitazama vidole vyangu, akahesabu kimoyomoyo, akasema ikitumiwa hivyo itafika Krismasi.